Anayejua Anyanyue wa Kulia

Somo langu la kwanza kuhusu jinsi mtoto anavyojifunza nilifundishwa kwa imla. Mkufunzi aliingia, akaketi, akafungua daftari ambalo jalada lake lilikuwa limekwisha rangi, akatusomea kwa saa mbili kwamba mtoto hajifunzi kwa kusomewa. Sisi tuliandika. Akisema "nukta" tunaweka nukta, akisema "aya mpya" tunaruka mstari. Hakuna aliyecheka, wala mimi sikucheka, maana yeye ndiye aliyekuwa akitunga mtihani.

Katika zile kurasa mlikuwa na mbwa na kengele yake, mlikuwa na panya na kipande cha chakula, mlikuwa na watoto waliopangwa kwa ngazi kama vyombo kabatini. Lakini sentensi iliyonikaa ni moja: tabia inayotuzwa hukua, na tabia isiyotazamwa hufa. Niliipenda tangu siku ile. Iliniondolea woga wa fimbo, kwa sababu mimi sikutaka kuwa mwalimu wa fimbo. Tena ilikuwa haina ugeni nyumbani kwetu. Bibi aliyenilea mjini Malindi, kwenye mitaa ya zamani, alikuwa akiisema kwa maneno machache zaidi: samaki mkunje angali mbichi. Watu wetu walitoka visiwa vya kaskazini, na kwao adabu hutangulia hata chakula.

Nilipopangiwa shule ya mazoezi ya kufundisha nilipelekwa mbele ya Vitengeni, mahali ambapo mahindi hupandwa kwa matumaini tu na maji hufuatwa kwa mitungi. Nilipanga chumba pale penye maduka. Darasa langu lilikuwa gredi ya nne, watoto hamsini na wanane, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Kwao husema Kigiriama, na Kiswahili changu walikiona kigeni. Wiki ya kwanza nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba mwalimu anaongea kama redio. Ndiyo maana nilipouliza swali walinitazama tu. Redio haijibiwi.

Mwalimu wa darasa, yule aliyenipokea na ambaye darasa lilikuwa lake kabla yangu, alikuwa mzee wa kazi, mwenyeji wa huko huko, mpole na mchovu. Alinikabidhi chaki na orodha ya majina, akaniambia, "Mwalimu, hawa ni watoto wazuri. Ila usiwategemee wakati una mgeni."

Nilimwona yule msichana siku ya pili. Nilikuwa nakusanya madaftari, naye akanipa lake kwa mkono wa kushoto. Sikulipokea. Sikumgombeza, nilisimama tu mbele yake na mikono yangu imeshuka, nikangoja. Alikaa na daftari hewani kwa muda, halafu akatazama wenzake, halafu akalihamishia mkono wa kulia. Ndipo nikapokea, nikatabasamu, nikasema, "Vizuri sana." Nilirudi mezani nimefurahi. Nilikuwa nimeiona nadharia ikifanya kazi kwa macho yangu.

Alikuwa ana shoto. Aliandika kwa kushoto, alifuta ubao kwa kushoto, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote, mdogo na ulionyooka. Mwandiko mzuri niliuona, lakini mkono niliuona zaidi. Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo haitajwi mezani. Haupokei, hautoi, hauli, haumsalimii mtu. Nilikuwa nimekua nikiamini hivyo bila kuwahi kuambiwa sababu zaidi ya mara moja.

Chuo kilimtaka kila mwanafunzi wa ualimu achague mtoto mmoja, amfuatilie muhula mzima, aandike ripoti: shida yake ni nini, mwalimu alifanya nini, kilibadilika nini. Wenzangu walichagua watoro na wachokozi. Mimi nilimchagua yeye. Shida niliyoandika ni kutumia mkono usiofaa. Nilichora jedwali, nikakata nyota za karatasi ya njano. Siku akiandika kwa kulia tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, anabandikiwa nyota ukutani mbele ya wote. Akitumia kushoto, simwoni. Akinipa kitu kwa kushoto, simwoni. Akinyanyua kushoto, mkono huo haupo.

Sikumpiga hata siku moja. Nilijivunia hilo kuliko chochote nilichofanya kule, na nikilikumbuka leo nasikia haya.

Ripoti ilihitaji mwalimu afike nyumbani kwa mtoto. Nikaenda Jumamosi moja. Aliishi na nyanya yake, ambaye yeye alimwita hawe, kwenye boma la nyumba mbili za udongo. Yule mama alikuwa akipukuchua mahindi, na alipukuchua kwa kushoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanikaribisha kiti, akapokea furushi langu la sukari kwa mikono yote miwili, magoti yameinama kidogo. Nikamweleza nilichokuja kufanya.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, huyu kanirithi mimi. Nami nimelima kwa mkono huu, nimezika watu kwa mkono huu."

"Ni kwa faida yake, mama. Akienda shule kubwa watamcheka."

"Basi ninyi ndio mnaojua vya shule," alisema, akaendelea na mahindi yake.

Usiku ule sikuona ubaya wowote katika mazungumzo yale. Kwenye ripoti niliandika kwamba mazingira ya nyumbani hayamsaidii mtoto. Sentensi hiyo ilipigiwa mstari kwa wino mwekundu baadaye na kuandikiwa "vyema" pembeni.

Wiki ya nne mkufunzi alikuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeandaa somo la ujazo wa vitu, nina chupa, nina michoro, nina andalio la somo lenye kurasa tatu. Niliuliza swali la kwanza, kimya. Nikauliza la pili, kimya. Nikajibu mwenyewe, nikauliza tena, nikajibu tena, na dakika thelathini na tano zikaisha hivyo, mimi na ubao. Mkufunzi aliniandikia mistari miwili: wanafunzi hawashiriki, mwalimu anajijibu. Akaniambia nje, karibu na gari, "Nadharia unazo. Lakini ukinionyesha hivi tena utarudia muhula mzima."

Kurudia kulikuwa na maana yake kwetu. Nilikuwa wa kwanza katika jamaa zetu wanawake kwenda kulala ugenini kwa sababu ya kazi. Wapo waliosema tangu mwanzo kwamba msichana haendi kukaa mashambani peke yake, na bibi ndiye aliyenipigania akawanyamazisha. Nikirudi mikono mitupu, ni yeye watakayemsimanga, si mimi. Nililia kwenye choo cha walimu, nikanawa uso, nikarudi darasani kufundisha kipindi cha mwisho.

Mwalimu wa darasa alinikuta baadaye nikipanga chaki ambazo hazikuhitaji kupangwa. Akavuta kiti.

"Wamekuambia watoto hawashiriki?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nami waliniambia hivyo hivyo, zamani." Akacheka kidogo. "Sikiliza. Wafundishe wanyanyue mikono wote. Kila swali, wote. Anayejua anyanyue wa kulia. Asiyejua anyanyue wa kushoto. Wewe chagua kulia tu. Mgeni ataona msitu wa mikono, hatauliza ni mkono gani."

"Na akigundua?"

"Vyaelea, mwalimu, vimeundwa. Nani huuliza fundi? Huko alikotoka, kushoto na kulia ni mikono tu. Sisi huku ndio tunaojua kwamba wa kushoto hauchaguliwi."

Nitasema ukweli, sikusita. Nilijisemea kwamba ni njia ya kuwatoa woga watoto, na jioni ile nikaipa hata jina la kitaalamu. Siku ya pili yake tukaanza mazoezi. Watoto waliufurahia mchezo ule. Ndani ya wiki moja darasa langu lililokuwa kimya likawa linanyanyuka lote kwa mpigo, na mimi nilipita katikati nikichagua mikono ya kulia kama mtu anayechuma pilipili zilizoiva. Wale wasiojua waligundua haraka kwamba wakinyanyua kushoto hawatasumbuliwa tena. Hilo nililiona, nikaliacha.

Yeye ndiye aliyetatizika. Swali likiulizwa, alikuwa akitazama kwanza mikono yake miwili, iliyokuwa juu ya dawati, kisha anachagua mmoja. Kufikia hapo mwenzake alikuwa amekwisha kujibu. Nyota zake ukutani zilikuwa tisa. Mwandiko wake wa kulia ulikuwa mkubwa na uliopinda, wa mtoto wa gredi ya kwanza, na hesabu alizozipata kichwani zilikuwa hazifiki daftarini kabla ya kengele. Niliandika kwamba anaendelea vizuri.

Mkufunzi alitakiwa kuja mara ya pili wiki ya saba, gari la chuo likaharibika. Kwa hiyo ikabaki safari moja tu ya kuamua mambo, na ikawa asubuhi ya Jumanne, wiki ya mwisho kabla ya mitihani. Nilifundisha ujazo tena. Nilileta mtungi wa lita ishirini, ule wa manjano ambao kila nyumba kule inao, na kikombe cha plastiki cha nusu lita chenye mkono. Maswali yote matano niliyoyaandaa tulikuwa tumeyafanyia mazoezi siku tatu.

Yalikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Nikiuliza, mikono hamsini na minane inaruka. Nachagua wa kulia, jibu linatoka sahihi, nasema "mpigieni makofi", wanapiga makofi matatu. Mkufunzi, aliyekaa nyuma kwenye kiti kilicholetwa kutoka ofisini, alikuwa akiandika bila kuinua kichwa. Mwalimu wa darasa alisimama mlangoni ameegemea mhimili.

Kisha mkufunzi akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kirafiki, "Mwalimu, waulize moja ambalo halimo kwenye andalio lako. Mtungi huo ukijaa, utatoa vikombe vingapi kwa kikombe hicho?"

Nikalirudia swali. Mikono ikaruka yote, kwa mazoea. Nikatafuta ya kulia nikaona mitatu tu.

Nikamchagua wa kwanza. Akasema, "Kumi." Nikamchagua wa pili. Akasema, "Ishirini." Wa tatu alikuwa mtoto mdogo wa mbele ambaye nadhani alisahau maana ya mikono. Alisimama, akafikiri, akasema jibu la swali lililopita.

Na pale karibu na dirisha msichana wangu alikuwa amenyanyua wa kushoto. Si kama wengine, waliouweka juu tu wakingoja yapite. Alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye benchi, vidole vimenyooka, midomo imeshalishika jibu. Nilikuwa nimemchunguza mtoto yule wiki nane, nimejaza daftari zima kumhusu, na hakuna mtu katika chumba kile aliyemjua uso kuliko mimi. Alikuwa anajua.

Niliuona mkono ule. Naliandika hilo hapa kwa sababu kwingine nimeandika vingine. Niliuona, na nikahesabu kwa haraka: nikimchagua akakosea, nimekwisha. Mlangoni, mwalimu wa darasa alinitikisia kichwa kidogo sana, kunikataza. Na zaidi ya hayo, nilikuwa nimekwisha kuzoea kutouona. Macho yangu yalimpita, yakaenda ukutani, nami nikageukia ubao, nikaandika ishirini mara mbili ni arobaini, nikaeleza kwa nini. Nikajijibu mwenyewe, kosa lile lile la mara ya kwanza. Safari hii halikuonekana, kwa sababu mikono ilikuwa mingi.

Mkufunzi alinipa mkono darasani mbele ya watoto. "Sijapata kuona darasa lenye hamu kama hili," akasema. Aliandika hivyo kwenye fomu pia.

Wakati wa mapumziko nilimkuta yule msichana akiurudisha mtungi stoo. Sijui nilitaka nini kwake. Labda nilitaka aniambie kwamba hakuwa akijua, nipumue.

"Ulikuwa na jibu?"

"Ni arobaini, mwalimu." Akangoja kidogo, akaona sijakasirika, akaendelea. "Lakini arobaini havifiki. Tulipokuwa na hanga ya babu, mimi ndiye niliyekuwa nawagawia watu maji. Mtungi ulikuwa unatoa thelathini na nane. Mengine yanamwagika, na chini kabisa kunabaki mchanga, hakunyweki."

Miaka miwili ya chuo nilikuwa nimesomewa kwamba mtoto huja darasani na ujuzi wake, kwamba kazi ya mwalimu ni kuutoa ujuzi huo nje na kuuongezea. Hapa ulikuwa umesimama mbele yangu, umetoka kwenye matanga ya babu yake, umepimwa kwa kikombe. Darasa zima lingejifunza pale. Hata mkufunzi angejifunza.

"Mbona hukunyanyua wa kulia?" nikamuuliza.

Akautazama mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa umeshika mtungi.

"Niliusahau, mwalimu."

Ningeweza kusema maneno mengi. Nimeyatunga tangu siku ile, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye foleni ya benki, nimeyatunga mpaka yamechakaa. Nilichosema ni hiki: "Basi siku nyingine usisahau."

Hakusahau. Wiki iliyobaki hakunyanyua mkono wowote, wala wa kulia wala wa kushoto. Wenzake walipokuwa wakiruka, yeye aliikalia mikono yake, ameiweka chini ya mapaja. Aliandika kwa kulia kila siku, pole pole, na nyota zake zikafika kumi na mbili. Ukurasa wa mwisho wa ripoti una sehemu ya matokeo, nami nikajaza: tabia imekoma. Ilikuwa kweli. Nilipata alama ya juu kabisa katika kundi letu, na bibi akawagawia majirani halua.

Leo mimi ni mwalimu wa mkataba shule moja upande wa Kilifi. Darasani kwangu watoto hawajui habari za mkono gani. Anayejua aseme, asiyejua aseme hajui, na kwa sababu hiyo darasa langu lina kelele na maafisa wakipita hawalipendi. Sijitapi. Mimi ni mtu aliyechelewa kufunga mlango.

Mwaka jana walimu wa eneo lile waliitwa kwenye mafunzo ya siku moja kuhusu namna ya kuwafanya watoto washiriki. Yalifanyika shuleni pale pale nilipofanyia mazoezi. Mimi nilialikwa nizungumze, kwa kuwa mkufunzi wangu alikuwa miongoni mwa waandaaji na alilikumbuka darasa lenye hamu. Nilikubali kwa ujinga, nikidhani nitasema ukweli mbele ya watu. Mwalimu wa darasa alikuwa amestaafu.

Tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa mbao. Wanafunzi wachache wa gredi ya sita walikuwa wamepangiwa kutuhudumia, na aliyekuwa akigawa maji alikuwa yeye. Amerefuka. Alikuwa na mtungi wa manjano kwenye benchi na vikombe vichache, kwa hiyo kila mgeni alikunywa, akarudisha, mwingine akachotewa. Alichota kwa kulia na kutoa kwa kulia. Wa kushoto aliuweka nyuma ya mgongo, umeshika kitambaa cha sketi. Kikombe kiliinama alipokileta kwangu na maji yakamwagikia karatasi nilizoandaa.

"Samahani, mwalimu."

"Hakuna neno. Wanikumbuka?"

"Ndiyo, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba." Nikanywa. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya mzaha, "Mtungi huo unatoa vikombe vingapi?"

Hakufikiri. "Sijui, mwalimu."

Mbele walikuwa wananiita jina langu. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu kitupu, na watu walikuwa wakikingoja. Nikafanya jambo moja ambalo nilidhani atalielewa. Nilikihamishia kikombe mkono wangu wa kushoto, nikamnyooshea. Sikuwahi kumpa mtu kitu hivyo maishani mwangu, na mkono wenyewe niliuona mgeni.

Alisimama mbele yangu, macho chini, mkono wa kulia umeshuka ubavuni. Hakukasirika wala hakutabasamu, alingoja tu. Nami nikangoja, na chumba kizima kikanigeukia.

Nikakihamishia kikombe kulia. Ndipo akapokea.